Jani la Mabaka Linapogeuka Njano

Mtu akiona jani limegeuka njano kwenye mmea wa sebuleni, kitu cha kwanza anachoshika ni jagi la maji. Ndiyo maana mimea mingi ya ndani hufa ikiwa imelowa chepechepe, wala si kwa kiu. Inayotangulia ni ile yenye majani ya mabaka, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyonunuliwa ghali: pothosi inayotambaa ikiwa imechanganya kijani na nyeupe, difenbakia yenye madoa ya rangi ya maziwa, aglaonema, au monstera ya mabaka ambayo kipande chake chenye jani moja huuzwa kwa bei ya kumtoa mtu jasho.

Mimea hii ina hesabu yake. Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, kwa hiyo haifanyi usanisinuru. Inakula bila kupika. Jani likiwa nusu kijani na nusu jeupe, ile nusu ya kijani ndiyo inayolisha zote mbili. Kwa sababu hiyo mmea wa mabaka hukua polepole kuliko ndugu yake wa kijani kitupu, hunywa maji kidogo zaidi, na huhitaji mwanga mwingi zaidi. Majumbani tunafanya kinyume chake: tunauweka kwenye kona karibu na televisheni kwa kuwa hapo ndipo unapopendeza, halafu tunaumwagilia kila asubuhi. Sehemu kubwa ya njano ambayo watu huitafutia dawa dukani imeanzia hapo, maji mengi na mwanga hafifu vilipokutana katika chungu kimoja.

Kabla ya tiba, hakikisha kwanza kwamba jani linaumwa kweli. Baka la asili huzaliwa pamoja na jani. Jani linapokunjuka tayari lina mchoro wake, kingo za baka huonekana wazi, sehemu yenye baka ni imara sawa na sehemu nyingine, na baada ya miezi mitatu baka halijaongezeka. Njano ya kuumwa huja baadaye. Huanzia kwenye sehemu ya kijani, kingo zake zimefifia, huenea siku hadi siku, na jani hulegea au hukauka nchani.

Aliyekulia kwenye shamba la muhogo anaweza kuyatilia shaka hata mabaka yenyewe, na hakosei kuuliza. Batobato ya muhogo, ambayo Mjerumani Warburg aliiripoti mwaka 1894 katika eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania, nayo hupaka majani njano na kijani, na ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe. Tena upo mmea wa mapambo, abutiloni ya madoadoa, ambao uzuri wake wote umeletwa na virusi vya jamii moja na vya batobato: watu waliuona, wakaupenda, wakauzalisha kwa vipandikizi pamoja na ugonjwa wake. Lakini mabaka ya pothosi na ya difenbakia hayakuletwa na virusi. Yametokana na mabadiliko ndani ya seli za mmea wenyewe, hayaambukizi mimea ya jirani, na hayahitaji dawa.

Ukisharidhika kwamba si baka la asili, angalia jani hilo liko wapi kwenye shina. Jani moja la chini kabisa likigeuka njano mara mojamoja, huku juu kukichipua majani mapya, huo ni uzee. Liache. Mmea unapoliacha jani la zamani hulinyonya kwanza naitrojeni na virutubisho vingine, ukavipeleka kwenye machipukizi. Ukilikata likiwa bado nusu kijani unaupokonya akiba yake. Likishakuwa njano lote litang'oka lenyewe kwa kuguswa.

Majani matatu au manne ya chini yakigeuka kwa pamoja, yakawa laini, na udongo bado ni mbichi, tatizo liko kwenye mizizi. Yakiwa ya chini lakini makavu, yamejikunja, na udongo umeachana na ukuta wa chungu, hapo kweli ni kiu. Majani machanga ya juu yakitoka na njano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, mara nyingi kwa sababu maji au udongo una magadi na chokaa nyingi. Madoa ya njano na kahawia upande unaotazama dirisha ni jua. Vidoadoa vidogo mno, vingi, kama jani limechomwachomwa na sindano, ni wadudu. Na jambo la kulijua mapema: jani likishageuka njano halirudi kuwa kijani, hata ukifanya kila kitu sawa. Matokeo ya tiba yasome kwenye jani litakalofuata kuchipua.

Maji ndiyo yanayostahili maelezo marefu. Mizizi inavuta hewa, na hewa hiyo imo katika vitundu vidogo ndani ya udongo. Ukimwagilia kabla udongo haujakauka, vitundu vinabaki vimejaa maji, mizizi inakosa oksijeni na kuanza kuoza. Mzizi uliooza haufyonzi maji, kwa hiyo majani hunyauka mmea ukiwa umesimama ndani ya maji. Mwenye nyumba akiona umenyauka anaongeza maji, na mmea unakwisha.

Kipimo ni kidole. Kizamishe kwenye udongo kiasi cha sentimita tano. Ukihisi ubichi, ondoka. Ukihisi ukavu, mwagilia hadi maji yatokee chini, kisha usirudi tena mpaka kidole kiseme. Kunyunyizia vijiko viwili kila siku ni kosa tofauti na la mafuriko, lakini nalo ni kosa: juu panalowa, chini mizizi inakauka, na chumvi inabaki mle mle. Ratiba ya "kila Jumamosi" haifai pia. Dar es Salaam wakati wa masika chungu kinaweza kukaa kibichi kwa zaidi ya wiki, ilhali chungu hichohicho wakati wa kaskazi kinakauka kwa siku chache. Nairobi mwezi wa Julai, kukiwa na baridi na mawingu, pothosi karibu inalala. Anayeimwagilia kwa kipimo cha Februari anaiozesha.

Chungu kisicho na tundu chini sikipendi kabisa, hata kiwe kizuri namna gani. Kama umekipenda, kifanye vazi la nje: mmea ubaki kwenye chombo chenye matundu, uutoe wakati wa kumwagilia, uuache uchuruzike, ndipo uurudishe. Kuna na wale wanaopanda mmea pamoja na kiriba chake cha kitaluni, wakafukia kila kitu ndani ya chungu kikubwa. Kiriba kile kinapaswa kuvuliwa. Mizizi ikikua ndani yake huzunguka na kusongamana, na maji hukaa pembeni yasikofikiwa na mzizi. Chungu kikubwa kupita kiasi nacho ni mtego, kwa kuwa udongo usio na mizizi haukauki. Ukihamisha mmea, ongeza upana wa vidole viwili, si zaidi.

Udongo wenyewe mara nyingi ndio chanzo. Vitalu vingi hutumia udongo mwekundu au mweusi wa mfinyanzi, ambao unafaa kitaluni juani lakini ndani ya nyumba hushikamana na kukaa na maji muda mrefu. Changanya sehemu mbili za udongo mzuri, moja ya mchanga wa mto, na moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuoshwa. Bara, ambako makumbi ni adimu, pumba za mpunga au vipande vidogo vya mkaa hufanya kazi hiyohiyo ya kuacha nafasi za hewa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Ukishuku mizizi imeoza, usikisie. Utoe mmea uangalie. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu na ni mgumu ukiuminya. Uliooza ni wa kahawia au mweusi, unateleza, ngozi yake inavuliwa kwa vidole, na una harufu. Futa mkasi kwa spiriti, kata yote iliyooza hadi ufike penye uzima, kung'uta udongo wa zamani wote, kisha panda kwenye chungu kidogo zaidi chenye mchanganyiko mpya. Punguza na majani machache, maana mizizi iliyobaki haitaweza kuyalisha yote. Mwagilia mara moja kidogo, weka penye mwanga usio wa jua kali, na usitie mbolea mpaka jani jipya litokee.

Kama mizizi yote imekwenda na shina bado ni imara, pothosi inakuruhusu kuanza upya. Kata vipande, kila kimoja kiwe na kifundo, pale ambapo jani linaungana na shina, kwa kuwa chipukizi jipya hutoka kwenye kifundo tu. Jani peke yake na kikonyo chake litakaa kwenye maji hata miezi, pengine lichipuze mizizi, lakini mmea hautatoka. Weka kifundo ndani ya glasi ya maji karibu na dirisha. Kwa kawaida mizizi huonekana ndani ya wiki mbili hadi nne. Chagua vipande vyenye kijani cha kutosha. Kipande cheupe kitupu kinavutia macho, lakini hakina cha kujilisha na hatimaye hufa.

Hapa nitoke kidogo kwenye majani. Glasi hiyo ya maji na sahani iliyo chini ya chungu ni mahali ambapo mbu wa Aedes, anayeeneza dengue, hutaga mayai. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu huyu hahitaji bwawa. Maji ya kisoda yanamtosha. Mwaga maji ya sahani kila baada ya kumwagilia. Maji ya glasi yabadilishe walau mara moja kwa wiki, na kuta za glasi uzisugue, kwa sababu mayai hunata ukutani na hustahimili ukavu.

Kuhusu mwanga, tahadhari na ushauri wa vitabu vya Ulaya na Marekani unaosisitiza dirisha la kusini. Kwetu karibu na Ikweta hesabu ni nyingine. Mwezi Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini na la kusini hupokezana. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopata jua mwaka mzima. La mashariki ndilo bora kwa mmea wa mabaka, kwa kuwa jua la asubuhi ni la upole. La magharibi linaunguza, hasa sehemu nyeupe ambazo huwa za kwanza kugeuka kahawia. Hapo weka pazia jepesi au rudisha mmea nyuma mita moja.

Watu huamini chumba chao kina mwanga kwa kuwa wao wanaona vizuri. Jicho hujirekebisha, jani halijirekebishi. Saa sita mchana kinga mkono wako juu ya mmea: ukiona kivuli chenye kingo zinazotambulika, mwanga unatosha, kivuli kikiwa hafifu au hakipo, mmea una njaa. Nyavu za mbu, kingo pana za paa na mapazia mazito yanayoshushwa mchana kutwa hupunguza mwanga kuliko tunavyodhani. Ukiamua kuuhamishia mmea dirishani, fanya hivyo hatua kwa hatua kwa wiki moja au mbili. Jani lililozoea kivuli huungua likihamishwa ghafla.

Kwa anayesoma haya akiwa Muscat, jua linapita kusini kwake karibu mwaka wote, na adui mkubwa ni kiyoyozi: usiweke mmea kwenye njia ya upepo wake. Aliye London au Toronto afuate hilo dirisha la kusini bila wasiwasi, na majira ya baridi apunguze maji sana, kwa kuwa siku ni fupi na mmea haukui.

Maji ya bomba nayo yana yake. Wengi huyaacha kwenye ndoo usiku kucha ili klorini itoke, na kwa klorini ya kawaida hilo linasaidia. Lakini chumvi haitoki kwa kulaza maji, wala floridi haitoki. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Utaiona kama ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu, na kwenye majani kama kingo za njano zinazokauka. Kila baada ya miezi michache sukuma chumvi hiyo: pitisha maji baridi ya mvua yanayozidi ujazo wa chungu mara mbili au tatu, polepole, yote yatokee chini.

Floridi ni habari ya Bonde la Ufa. Maeneo ya Arusha, kandokando ya Mlima Meru, na sehemu za Nakuru na Naivasha yana maji yanayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Watu huijua kwenye meno. Mimea inayoathirika haraka ni ile yenye majani membamba ya mistari myeupe inayoning'iniza vichipukizi, na drasena nyingi, zikiwemo zile za mstari wa njano katikati ya jani ambazo ni ndugu wa masale ya Wachaga. Ncha hugeuka njano, kisha kahawia, na mtu hudhani ni kiu. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua floridi inazidi kuwa kali. Dawa ni maji ya mvua, na paa la mabati na pipa vinatosha.

Mbolea nitaipitia haraka, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa zaidi na kuhusika kidogo. Mmea uliokaa kwenye udongo uleule kwa miaka miwili na kugeuka njano polepole kuanzia chini, huku mizizi ni mizima, pengine una njaa ya naitrojeni. NPK inayoyeyuka, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi wakati unakua, inatosha. Urea iliyobaki shambani isiletwe sebuleni. Kijiko kimoja kinaweza kuunguza mizizi yote ya chungu. Mabaki ya chai yenye maziwa na sukari hayalishi mmea, yanaalika vijinzi vyeusi na ukungu.

Wadudu wakague chini ya jani. Utitiri ni wadogo mno: kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe, ukiona nukta zinatembea, ndio hao, na mara nyingi kuna utando mwembamba kwenye makutano ya jani na shina. Hupenda hewa kavu na vumbi. Peleka mmea bafuni, uoshe majani pande zote mbili, kisha nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji. Jaribu kwanza jani moja. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, mara tatu, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza. Mafuta ya mwarobaini yanafaa pia, kijiko cha chai kwa lita pamoja na matone ya sabuni, lakini yapige jioni; yakikutana na jua huunguza mabaka. Wale weupe wenye unga kama pamba futa mmojammoja kwa pamba yenye spiriti. Sabuni ya unga ya kufulia usitumie.

Unapokata pothosi, difenbakia, aglaonema au monstera, nawa mikono baadaye. Utomvu wake una vijiwe vya kalsiamu oksaleti vinavyochoma mdomo na koo na kuvivimbisha. Mtoto akitafuna jani, mfute na msuuze mdomo, mpe maji au maziwa anywe, na akivimba au akishindwa kumeza mkimbize kituo cha afya. Vipande ulivyovikata usivitupe mbuzi na paka wanapopita.

Kuna wakati mmea unapona lakini unarudi ukiwa wa kijani kitupu. Tawi la kijani lina nguvu zaidi, hukua haraka na kuyapita yale ya mabaka. Likate mapema, chini kidogo hadi kwenye kifundo kilichotoa jani lenye mabaka mazuri, kisha ongeza mwanga.

Hali ni tofauti kwa ule mmea wa majani marefu yaliyosimama wima yenye ukingo wa njano, ambao sasa wataalamu wanauhesabu kuwa drasena. Aina hiyo ya ukingo wa njano ilitoka Kongo; mwaka 1904 De Wildeman wa Ubelgiji aliieleza na kuipa jina la mwenzake Émile Laurent. Ukikata jani lake vipande na kuvipanda vitaota, lakini machipukizi yatatoka bila ukingo, kwa sababu tabia hiyo imo katika tabaka moja tu la seli ambalo halishiriki kutengeneza chipukizi jipya. Ukitaka njano ibaki, toa mmea wote, gawanya shina la chini kwa kisu safi, kila sehemu iwe na mizizi yake na walau majani mawili, uache vidonda vikauke siku moja kivulini, na baada ya kupanda usimwagilie kwa wiki nzima.